Sawa, Karibu Sawa, na Sawa Tu

Katika kila lugha mna maneno makubwa na maneno madogo. Maneno makubwa, kama haki, uhuru, upendo na usawa, hupewa heshima; hutajwa katika hotuba na kuandikwa katika sheria. Maneno madogo, kama karibu, kabisa, hasa, takriban na tu, hupita kimya kimya, wala hapana anayeyauliza yatokako. Walakini mara nyingi ni neno dogo, si neno kubwa, linaloamua kama usemi ni wa kweli au wa uwongo. Nataka, msomaji, tutazame pamoja maneno madogo yanayoandamana na neno moja kubwa, yaani sawa. Nataka pia kukuonyesha kuwa mtu anayeyatumia ovyo aweza kumdhulumu mwenziwe bila ya kukusudia. Nasema hivyo kwa ushahidi, maana mimi mwenyewe nilipata kudhulumu kwa neno moja dogo.

Tuanze nyumbani, katika Kiswahili. Neno sawa tulilipata katika Kiarabu, nasi tumelipa kazi nyingi. Kwa neno hilo twalinganisha: fimbo hizi mbili ni sawa. Kwa neno hilo twasahihisha: jibu lako ni sawa. Na kwa neno hilo hilo twakubali: sawa, nimesikia. Kazi hii ya tatu iweke akilini, maana tutairudia. Lakini tukitaka kusema kuwa kitu ni kimoja, si viwili vinavyofanana, hatusemi sawa. Twasema kile kile, yule yule, ile ile. Ukisema, "Jana na leo nilipanda matatu ile ile," msikilizaji afahamu gari moja, lenye namba moja na mkwaruzo mmoja ubavuni. Ukisema, "Leo nilipanda matatu iliyo sawa na ya jana," afahamu magari mawili yanayofanana. Lugha yetu imeweka mlango huku na mlango kule, na mpitaji hawezi kupotea.

Kiingereza, ambacho wewe wajifunza shuleni na mimi nakifundisha, kimeweka mlango mmoja. Neno "same" hufanya kazi zote mbili. Mtu akisema kwa Kiingereza kwamba amepanda "the same bus", aweza kuwa na maana ya gari lile lile, na aweza kuwa na maana ya gari jingine la njia hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo wasemaji wa Kiingereza huliwekea neno hilo vielezi vya kila namna, ili wapunguze mashaka. Vielezi hivyo vimepangwa kama ngazi, na mwanafunzi asiyevijua vidato vyake huanguka.

Kidato cha juu ni "exactly the same", yaani sawa kabisa, pasipo tofauti hata moja. Kando yake ni "the very same", yaani yule yule hasa, wala si mwingine. Chini kidogo ni "virtually the same": tofauti ipo, lakini haina uzito katika jambo linalozungumzwa. Kisha huja "almost the same" na "nearly the same", yaani karibu sawa: tofauti ipo na msemaji ameiona. Kisha "much the same" na "more or less the same": kwa jumla mambo ni yale yale, wala msemaji hakuchukua kipimo. Mwisho ni "not quite the same": kitu kimefika mlangoni pa usawa lakini hakikuingia.

Angalia pia mitego iliyomo katika ngazi hii. Neno "much" pengine pote huongeza, lakini likikaa mbele ya "the same" hupunguza. Maneno "not quite" husikika kama tofauti ndogo, lakini mtu mwenye adabu hupenda kuyatumia pale ambapo tofauti ni kubwa naye hataki kuudhi. Na maneno "all the same" yakianza sentensi hayahusu usawa hata kidogo. Maana yake ni hata hivyo. Mwanafunzi anayeyatafsiri neno kwa neno atasema wote sawa mahali pasipo watu wawili.

Sasa tuipime kazi ya vielezi hivi. Vile vinavyopandisha haviongezi maana, vyaongeza dhamana. Aliyesema mambo mawili ni sawa amekwisha sema yote. Anaposema ni sawa kabisa, ni kama aliyekula kiapo juu ya usemi wake, na mwenye kiapo yampasa awe amechunguza. Vile vinavyoteremsha, kwa upande mwingine, havipunguzi kidogo tu kama tunavyodhani. Vyakanusha. Kilicho karibu sawa si sawa. Panda matatu ambayo nauli yake ni shilingi 50, umpe kondakta shilingi 45, kisha umweleze kuwa fedha hizo ni karibu sawa na hamsini. Atakufundisha mantiki bora kuliko mwalimu wako. Lakini ukimwomba jirani kikombe cha unga, naye akakupa kilichopungua kidogo, hutadai kipimo. Karibu sawa yatosha. Basi si kweli kwamba neno karibu ni jema au baya. Ukaribu unaotosha katika jambo moja hautoshi katika jingine, na mwenye busara hutazama jambo kwanza.

Katika hesabu usawa kamili upo. Alama ya mistari miwili unayoiandika kila siku ilibuniwa na Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557. Alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa hoja kwamba hapana vitu viwili viwezavyo kuwa sawa zaidi ya hivyo. Lakini toka katika hesabu, uingie katika dunia ya vitu, nawe utaona mambo mengine. Mwanafalsafa wa Kijerumani Leibniz, aliyeishi tangu mwaka 1646 hadi 1716, alifundisha kuwa hapana vitu viwili vilivyo sawa kabisa kwa kila hali. Kama vingekuwa hivyo visingekuwa viwili, bali kimoja. Alisimulia habari za bwana mmoja aliyetafuta majani mawili yaliyo sawa kabisa katika bustani ya Herrenhausen, karibu na mji wa Hanover. Bwana huyo alizunguka sana, asiyapate. Nawe waweza kulijaribu jambo hilo chini ya mti wowote wa Nairobi.

Kama Leibniz alisema kweli, je, tuache kusema kuwa vitu ni sawa? La. Tukiacha, hatutaweza kununua wala kuuza, kufundisha wala kuhukumu. Twahitaji tu kukumbuka kuwa usawa wa vitu daima ni usawa katika jambo fulani. Fimbo mbili ni sawa kwa urefu, si kwa uzito. Wanafunzi wawili ni sawa kwa umri, si kwa kimo. Anayesema sawa bila ya kusema katika nini, amesema nusu ya neno na kuiacha nusu nyingine mikononi mwa bahati.

Haya yote niliyajua kwa kichwa nilipotoka chuo cha ualimu. Kuyajua kwa moyo kulinigharimu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari mjini Nairobi. Wanafunzi walitoka mitaa mbalimbali, wengine Kibera, wengine Kawangware. Siku moja niliwapa insha juu ya asubuhi nyumbani kwao. Usiku, katika kusahihisha, nilifika kwenye daftari la mvulana wa Kibera. Mama yake aamka kabla ya alfajiri. Apanga foleni ya maji na mtungi wa lita 20. Mvua yapiga mabati hata watu hawasikilizani. Chai haina maziwa. Tope lafika kwenye vifundo vya miguu. Madaftari matatu baadaye nilifika kwa msichana wa Kawangware. Nikakuta mama, alfajiri, foleni, mtungi, mabati, chai na tope. Hata sentensi ya kwanza ilikuwa moja, neno kwa neno. Nilikuwa nimechoka, nikakasirika. Nikashika kalamu nyekundu, nikaandika chini ya kila insha maneno matatu, "Exactly the same", na kando yake sifuri.

Kesho yake niliwasimamisha mbele ya darasa. Nikasema kuwa mmoja amenakili na mwingine amenakiliwa, na adhabu yao ni moja. Mvulana alifungua kinywa, akakifumba. Msichana alitazama sakafu. Kisha mmoja baada ya mwenziwe wakasema, "Sawa, mwalimu." Niliridhika, maana nilidhani wamekiri.

Katika chumba cha walimu alikuwako mwalimu mmoja mzee aliyekaribia kustaafu. Aliomba ayaone madaftari yale. Akayasoma pole pole hadi mwisho, jambo ambalo mimi sikulifanya. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, sentensi hii ya kwanza watoto wameipata wapi?" Nikaitazama, nikaona haya. Nilikuwa nimeiandika mimi mwenyewe ubaoni juma lililotangulia, kama mfano wa mwanzo mwema wa insha, nikawahimiza waikariri. "Na haya mengine," akasema mzee, "wataka maskini wawili waamke saa mbalimbali ili wakuridhishe wewe?"

Alinirudishia madaftari, nikayasoma upya. Katika insha ya mvulana ilipita reli: aliandika jinsi watu wanavyofuata njia ya treni kwa miguu kwenda kutafuta kazi katika eneo la viwanda, na jinsi mama yake alivyokuwa miongoni mwao. Aliandika pia kuwa mama hununua sufuria lakini hanunui kabati, kwa sababu kabati halibebeki upesi siku nyumba zitakapobomolewa. Katika insha ya msichana hapakuwa na reli wala hofu hiyo. Palikuwa na mwenye nyumba, aliyekaa katika kiwanja kile kile, mlango wa kwanza karibu na lango, ambaye hakuna aliyeweza kupita kwenda shule tarehe tano ya mwezi pasipo kuulizwa kodi. Mama yake alipanda mlima kwenda Lavington kufua nguo katika nyumba za watu, na msichana aliandika kuwa kutoka mlangoni kwao aliweza kuona paa za vigae ambazo mama yake alikwenda kuzitumikia. Insha zile hazikuwa sawa kabisa. Zilikuwa "much the same", nami nilikuwa nimekirukia kidato cha juu pasipo kuangalia vidato vya katikati.

Huenda utasema, msomaji, kuwa hilo ni kosa la mwalimu mmoja na kalamu yake. Lakini tazama jinsi watu wanavyoitaja mitaa hii miwili. Husemwa kuwa Kibera na Kawangware ni mamoja tu: mabati, tope na umaskini. Katika mambo kadhaa usemi huo una kweli. Vyumba ni vidogo na wapangaji ni wengi. Maji hununuliwa kwa mtungi. Na kila mtaa umepakana na watu wenye nafasi, hata tofauti ya hali yaweza kuvukwa kwa mwendo mfupi. Lakini uliza habari za ardhi, nawe utaona kuwa mitaa hii ni mbalimbali tangu shina.

Kibera ilianza kuwa makazi mwanzoni mwa karne ya ishirini, pale askari wenye asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la Waingereza walipokaa katika msitu ulioitwa Kibra, neno ambalo katika Kinubi lina maana hiyo hiyo ya msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga hapo ekari zaidi ya 4,000 kwa matumizi ya jeshi. Wanubi walikaa, wakazaa, wakazika wafu wao, lakini hati ya ardhi hawakupewa. Miaka ikapita, watu wa makabila yote wakaja, vikaota vijiji vya Makina, Lindi, Laini Saba, Kianda, Silanga na vinginevyo. Mwaka 1963 Kenya ikapata uhuru, na ardhi ikabaki ya serikali. Mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipopewa hati ya ekari 288. Sehemu kubwa iliyobaki, mwenye nyumba aghalabu ana mabati na kuta, lakini udongo ulio chini yake si wake.

Kawangware haikuota hivyo. Imo katika Dagoretti, nchi iliyokuwa mashamba ya Wakikuyu hata wakati wa ukoloni, kisha ikaingizwa katika mipaka ya jiji. Huko aghalabu udongo una mwenyewe mwenye hati yake, ambaye aliacha kulima akapanda vyumba, kwa kuwa kodi ya vyumba ilizidi mavuno ya mahindi. Basi mpangaji wa Kibera na mpangaji wa Kawangware waweza kulala chini ya mabati ya kiwanda kimoja na wote wawili wakaota ndoto mbaya ya kufukuzwa. Lakini hawamwogopi mtu mmoja. Mnamo Julai 2018 serikali ilibomoa nyumba, maduka na shule huko Kibera ili barabara ipite kuunganisha Ngong Road na Langata. Maelfu ya watu walipoteza makazi kwa siku chache. Hofu ya mama yule asiyenunua kabati haikuwa ya bure. Mwenziwe wa Kawangware, yeye hofu yake hasa ni mwenye kiwanja, atakayeamua kupandisha kodi au kujenga ghorofa.

Je, tofauti hii ni ndogo? Kwa mpita njia ni ndogo. Kwa anayetaka kusaidia ni kubwa, maana dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Mmoja ahitaji kwanza haki juu ya udongo anaokaa, mwingine ahitaji kwanza haki mbele ya mwenye udongo. Tabibu asemaye homa zote ni sawa kabisa, atawapa wagonjwa wote kidonge kimoja, na wengine watakufa kwa ajili ya kielezi.

Hata hesabu ya watu haikusalimika. Kwa miaka mingi magazeti na wageni waliandika kuwa Kibera ina watu karibu milioni moja, na wengine wakazidisha. Hesabu ya taifa ya mwaka 2009 iliwahesabu watu 170,070. Walikuwako walioibishia hesabu hiyo, na kubisha ni haki yao. Lakini tazama mzigo uliobebeshwa neno moja dogo: kama hesabu ile ilikuwa na kweli, neno karibu lilibeba watu zaidi ya laki nane ambao hawakuwako. Kondakta wetu hakukubali neno hilo libebe shilingi tano.

Kuna methali isemayo kuwa samaki mmoja akioza, wote huoza. Ni methali ya kweli katika tenga la samaki. Watu huichukua wakaipeleka mtaani. Kijana mmoja wa Kibera akiiba, husemwa vijana wa Kibera ni wale wale. Msichana aombaye kazi akitaja Kawangware, uso wa mwajiri hubadilika kabla hajatazama cheti. Samaki hana hiari juu ya kuoza kwa jirani yake. Mwanadamu anayo. Kumhukumu kama samaki ni kusema "exactly" mahali ambapo hata "nearly" haijathibitishwa.

Sasa yafaa nikuonye juu ya hatari ya upande wa pili, nisije nikakufundisha kupenda tofauti kupita kiasi. Wako watu ambao hawakosei kwa kusema sawa upesi. Hukosea kwa kutokubali kuisema kamwe. Kila wanapotakiwa kutamka kuwa watu ni sawa, hutafuta neno dogo la kuponyokea: sawa, lakini, sawa, ila, sawa kwa namna yao. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, iliikubali sheria ya Louisiana iliyowatenga weusi na weupe katika mabehewa ya treni, kwa hoja kuwa waliotengwa waweza kuwa sawa. Miaka 58 ilipita ndipo mahakama hiyo hiyo, mwaka 1954, ikaamua katika kesi ya Brown kuwa shule zilizotengwa kwa rangi haziwezi kuwa sawa. Hapa kwetu Kenya, wakati wa ukoloni, shule nazo zilitengwa: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Aliyetazama majengo, vitabu na fedha hakuhitaji kujua Kiingereza ili aelewe kuwa hazikuwa karibu sawa.

Basi kielezi ni kama kisu cha jikoni. Kwa kisu hicho mama hugawa nyama kwa haki, na kwa kisu hicho mtu aweza kumjeruhi jirani. Tutajuaje lini tukitumie? Mimi naona kanuni ni hii. Tukizungumza juu ya hali za watu, yaani nyumba zao, mali zao, historia zao, maumivu yao na insha zao, yatupasa kutumia vielezi kwa uangalifu wote, maana hali hazilingani kamwe. Tukizungumza juu ya utu wa watu, yatupasa kuviweka chini. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilisema katika kifungu chake cha kwanza kuwa watu wote huzaliwa sawa katika hadhi na haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, yasema kuwa kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Angalia jinsi waandishi walivyofanya. Hawakusema karibu sawa, wala hawakusema sawa kwa kila hali, jambo ambalo lingekuwa uwongo. Walisema katika nini: katika hadhi, katika haki, mbele ya sheria. Walilikamilisha neno.

Kanuni hizi mbili hukutana mahali unapopajua vyema. Mtihani wa taifa hufanywa siku moja, saa moja, karatasi moja. Karatasi hiyo ni sawa kabisa kwa aliyejisomea chini ya taa mezani kwake na kwa aliyejisomea juu ya kitanda chenye watu wanne, na hivyo ndivyo inavyopasa, maana kumpunguzia maskini maswali ni kumdharau akili yake. Lakini mtu akikuambia kuwa kwa sababu hiyo nafasi zao zilikuwa sawa kabisa, mjibu kwa heshima kuwa karatasi ndiyo iliyokuwa sawa. Huyo amelichukua neno la karatasi akalivika safari iliyotangulia karatasi.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kuandika au kutamka kuwa mambo mawili ni sawa, jiulize maswali matatu. Kwanza, ni sawa katika nini? Pili, ni kidato kipi cha ngazi ulichokichunguza kwa macho yako, na kipi umekirukia kwa uvivu? Tatu, kama umekosea, ni nani atakayelipa? Swali la tatu ndilo kubwa, maana mara nyingi anayelipa si msemaji.

Nilirudi darasani siku ya pili. Nilizifuta sifuri zile mbele ya wote, nikaeleza kuwa sentensi ya kwanza ilikuwa yangu, nikawaomba radhi wale wawili. Kisha nikasoma insha zote mbili kwa sauti hadi mwisho. Darasa lilicheka penye tope, likanyamaza penye kabati. Nilipomaliza nilimwuliza mvulana kwa nini hakujitetea. Akasema, "Mwalimu, ulikuwa umekwisha kuandika."

Jibu lile halijaniacha. Nilikuambia uiweke akilini kazi ya tatu ya neno letu, ile ya kukubali. Mtoto anaposema sawa mbele ya mwalimu, mpangaji mbele ya mwenye nyumba, mama mbele ya bwana wa tingatinga, neno ni lile lile linalotumika katika katiba na katika hesabu, lakini huenda ndani yake hamna usawa wowote. Huenda ni sawa tu, yaani nimenyamaza kwa kuwa sina nguvu. Tangu siku ile, mtu aliye chini yangu akiniambia sawa, husubiri kidogo, nikamtazama usoni, nikajaribu kukisikia kielezi ambacho hakukitamka.